Kiwewe cha Uzazi na Staha Katika Chumba cha Kujifungulia

Kwa miaka mingi huduma ya uzazi imepimwa kwa swali moja: je, mama na mtoto wametoka hai? Swali hilo ni la haki, na majibu yake katika miaka ya karibuni yanatia moyo. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionesha kuwa vifo vitokanavyo na uzazi nchini Tanzania vilikuwa vimeshuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa mwaka 2015/16. Katika kipindi hicho, uzazi unaofanyika katika vituo vya kutolea huduma uliongezeka kutoka asilimia 63 hadi asilimia 81. Nyuma ya tarakimu hizo kuna kazi kubwa ya wakunga, wauguzi na madaktari, wengi wao wakifanya zamu ndefu katika wodi zilizojaa.

Hata hivyo, kuwa salama ni zaidi ya kutokufa. Wako wanawake wanaoruhusiwa wakiwa na mtoto mwenye afya, jeraha limeshonwa vizuri na shinikizo la damu limetulia, lakini ndani yao wamebeba jambo ambalo halikuandikwa popote kwenye kadi ya kliniki. Hawalali. Wanashtuka. Wengine huapa kwamba mimba ijayo, ikiwapo, watajifungulia nyumbani. Hali hiyo ndiyo tunayoiita kiwewe cha uzazi. Makala haya yanaeleza asili yake, namna ya kuitambua, na kwa nini staha ni sehemu ya tiba yenyewe.

Kiwewe cha uzazi ni nini?

Katika mazungumzo ya kila siku, kiwewe ni hali ya kubabaika kwa hofu ya ghafla. Katika taaluma ya afya ya akili, neno hilo hutumika kwa jeraha la nafsi linalobaki baada ya tukio la kutisha kwisha. Kiwewe cha uzazi, basi, ni jeraha la nafsi litokanalo na mambo yaliyompata mwanamke wakati wa uchungu, wa kujifungua, au katika saa chache zinazofuata.

Kigezo cha msingi hapa si uzito wa tukio machoni pa mtaalamu, bali namna lilivyomfika mama mwenyewe. Tuchukue wanawake wawili waliotokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, wakapewa matibabu yale yale na wakapona. Wa kwanza aliambiwa kinachotokea, akashikwa mkono, na baadaye akaelezwa kilichofanyika. Wa pili aliona watu wakikimbia, akasikia mtu akisema damu imekwisha benki, akavuliwa nguo mbele ya wageni, na hakuna aliyemwambia kama atapona. Kwenye jalada, matukio hayo mawili yanafanana. Katika kumbukumbu za wanawake hao, hayafanani hata kidogo.

Dalili za kiwewe hujipanga katika makundi manne. Kundi la kwanza ni tukio kurudi bila kuitwa, ama kwa njozi za kutisha, ama kwa picha zinazomjia mama akiwa macho anaponyonyesha au kupika. La pili ni kukwepa: mama hataki kupita karibu na hospitali, hataki kusikia habari za uzazi, na pengine humkwepa hata mtoto kwa kuwa anamkumbusha siku ile. La tatu ni mabadiliko ya fikra na hisia, kama vile kujilaumu, aibu, ganzi ya moyo, na imani kwamba hakuna mtu wa kuaminiwa. La nne ni mwili kukaa katika tahadhari muda wote: mama hushtuka kwa sauti ndogo, hukosa usingizi hata mtoto anapolala, na hukasirika kwa jambo dogo.

Siku chache za mwanzo, dalili za namna hii huweza kumpata mtu yeyote na zikapungua zenyewe. Zinapoendelea zaidi ya mwezi mmoja na kuvuruga maisha ya mama, tunazungumzia ugonjwa kamili wa mfadhaiko wa baada ya kiwewe. Uchambuzi wa pamoja wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2017 ulionesha kuwa ugonjwa huo huwapata takriban wanawake 4 kati ya kila 100 wanaojifungua. Miongoni mwa waliopitia uzazi wenye hatari kubwa, kama vile matatizo makubwa ya ujauzito au kujifungua kabla ya wakati, idadi hiyo hukaribia 19 kati ya 100.

Ni muhimu kutochanganya hali tatu. Huzuni nyepesi ya siku za mwanzo, yenye machozi yasiyo na sababu ya wazi, huisha ndani ya wiki mbili. Sonona ya baada ya kujifungua hutawaliwa na huzuni ya kudumu, uchovu na kukosa hamu ya mambo. Kiwewe hutawaliwa na hofu na kumbukumbu. Sonona na kiwewe huweza kumpata mama mmoja kwa wakati mmoja, na dodoso la kuchunguza sonona peke yake huweza kumpita mama mwenye kiwewe bila kumwona.

Madhara hayaishii kwa mama. Anayekwepa jengo la hospitali hukwepa pia kliniki ya mtoto iliyomo ndani yake, na chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 hukosekana. Unyonyeshaji huyumba na ndoa hutikisika kwa sababu ambayo mume haielewi. Mimba ya pili huja na woga unaomfanya mama achelewe kuanza kliniki, au asije kabisa. Kwa njia hiyo, tendo la dakika chache katika chumba cha kujifungulia huweza kuwa chanzo cha kifo miaka mitatu baadaye.

Kinatokana na nini?

Sababu nyingine ni za kitabibu na hazizuiliki kila mara: kifafa cha mimba, kupasuka kwa mfuko wa uzazi, upasuaji wa dharura, kuchanika vibaya kwa msamba, mtoto kuzaliwa mfu. Hata huduma bora kuliko zote haiwezi kumwahidi mama kwamba hayo hayatatokea.

Sababu nyingine hutokana na namna watu wanavyomtendea mama, nazo zinazuilika. Mwaka 2010, Diana Bowser na Kathleen Hill walizikusanya katika makundi saba yanayotumika hadi leo: kupigwa au kuumizwa mwili, kufanyiwa jambo bila ridhaa, kukosa faragha na usiri, lugha na matendo yanayoshusha utu, ubaguzi, kutelekezwa, na kuzuiliwa kituoni kwa sababu ya deni. Msomaji aliyewahi kufanya kazi katika wodi ya leba hatahitaji maelezo marefu. Anayajua maneno yanayohoji raha ya usiku ule wa kutunga mimba. Anaijua kadi yenye majibu ya vipimo inayosomwa kwa sauti mbele ya wodi nzima. Anamjua mama aliyejifungua akiwa peke yake kwa kuwa kila alipoita aliambiwa bado.

Yaliyobainika Tanga, Dar es Salaam na Kenya

Mkoani Tanga, mradi ulioitwa Staha, ulioendeshwa na Taasisi ya Afya Ifakara pamoja na Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani, uliwahoji wanawake 1,779 walipokuwa wakitoka vituoni baada ya kujifungua. Asilimia 19 walisema walikumbana na walau aina moja ya utovu wa staha. Wanawake 593 miongoni mwao walipohojiwa tena majumbani, wiki 5 hadi 10 baadaye, kiwango kilipanda hadi asilimia 28. Katika utafiti mwingine uliofanyika Dar es Salaam, tofauti ilikuwa kubwa zaidi: asilimia 15 saa chache baada ya kujifungua, na asilimia 70 katika kikundi kidogo kilichofuatiliwa nyumbani.

Pengo hilo lina funzo kwa kila anayesimamia kituo. Mama aliye bado kitandani, akitegemea mikono ya wale wale anaoulizwa habari zao, atasema alihudumiwa vizuri. Furaha ya kumwona mtoto yu hai nayo hufunika mengine. Ukweli hujitokeza nyumbani, mwili unapopumzika na hofu ya kisasi inapokwisha. Hivyo basi, kituo kinachojivunia sanduku la maoni lisilo na malalamiko hakijathibitisha kwamba hayapo.

Nchini Kenya, mradi wa Heshima uliwahoji wanawake 641 katika vituo 13, na mmoja kati ya kila watano alieleza kutendewa isivyostahili. Baada ya mafunzo, usimamizi na ushirikishwaji wa jamii, kiwango kilishuka kutoka asilimia 20 hadi 13. Aidha, mwezi Machi 2018, Mahakama Kuu ya Kenya huko Bungoma iliamuru mwanamke aliyejifungulia sakafuni katika hospitali ya umma mwaka 2013, kisha akapigwa na kutukanwa na wauguzi, alipwe fidia ya shilingi milioni 2.5 za Kenya. Mahakama haikuishia kuwatazama wauguzi tu. Iliona kuwa serikali nazo zilishindwa kutimiza wajibu wao.

Wala hili si tatizo la Afrika peke yake. Mwaka 2024, kamati ya wabunge nchini Uingereza na kamati ya bunge la jimbo la New South Wales nchini Australia zilitoa ripoti kuhusu kiwewe cha uzazi baada ya kupokea maelezo ya maelfu ya watu. Nchi zenye fedha na vifaa zimegundua kwamba vifaa peke yake havimlindi mama.

“Tusipomkaripia, mtoto atafariki”

Hoja hii husikika katika wodi nyingi, na haifai kupuuzwa kwa kuwa wengi wanaoitoa wanakusudia mema. Utafiti uliofanyika Ghana, Guinea, Nigeria na Myanmar na kuchapishwa mwaka 2019 uliwafuatilia kwa macho wanawake 2,016 wakiwa katika uchungu. Takriban asilimia 42 walipigwa, walitukanwa au walibaguliwa, na matendo hayo yalishika kasi kuanzia dakika 30 kabla ya mtoto kuzaliwa hadi dakika 15 baadaye. Ndicho kipindi ambacho mhudumu naye anaogopa zaidi.

Lakini tuangalie mwili unavyofanya kazi. Mwanamke anapoogopa, homoni ya adrenalini hupanda. Homoni hiyo hupunguza damu inayokwenda kwenye mfuko wa uzazi na huweza kudhoofisha mikazo inayoendeshwa na oksitosini. Misuli ya nyonga na mapaja hukaza, na pumzi hukatika. Kofi linalokusudiwa kumharakisha mtoto huuweka mwili wa mama katika hali inayopingana na kusukuma.

Mama anapoacha kusukuma, kuna maswali ya kitaalamu ya kujiuliza kabla ya kupandisha sauti. Je, njia imefunguka kikamilifu? Kibofu kimejaa? Amekunywa maji lini? Mikazo inatosha? Mtoto amekaa vipi, na mapigo ya moyo wake yakoje? Je, kulala chali ndiko kunakomshinda, na akilala ubavu au akichuchumaa ataweza? Mara nyingi jibu hupatikana humo. Pale ambapo mtoto yumo hatarini kweli, kinachomwokoa ni uamuzi wa haraka wa kumsaidia kutoka kwa kifaa au kwa upasuaji. Matusi huchelewesha uamuzi huo kwa kumfanya mama aonekane ndiye tatizo.

Mageuzi yanayohitajika

Shirika la Afya Duniani lilitoa tamko mwaka 2014 la kutaka utovu wa staha wakati wa kujifungua ukomeshwe. Mwaka 2018, shirika hilo lilitoa mapendekezo 56 ya huduma wakati wa uchungu, likiihesabu huduma ya staha kuwa sehemu ya huduma yenyewe. Miongoni mwa mapendekezo hayo: mama awe na msindikizaji anayemchagua, achague mkao wa kujifungulia, asiongezwe njia kwa mazoea, na tumbo lake lisisukumwe kwa mikono ili kumtoa mtoto.

Suala la msindikizaji lina ushahidi wenye nguvu. Uchambuzi wa majaribio 26 yaliyohusisha wanawake zaidi ya 15,000 ulionesha kuwa wanaopata mtu wa kuwa nao muda wote hujifungua kwa njia ya kawaida zaidi, uchungu wao huwa mfupi kidogo, na hubaki na hisia mbaya chache kuhusu uzazi wao. Kikwazo kinachotajwa zaidi ni nafasi na faragha ya wengine. Hilo ni kweli, ila pazia ni nafuu kuliko upasuaji.

Tanga ilionesha kuwa mageuzi yanawezekana bila kusubiri jengo jipya. Jamii na watumishi walikaa pamoja wakaandaa mkataba wa huduma kwa mteja. Kituo kikaweka mapazia, kikahamishia mapokezi ya wajawazito katika chumba cha faragha, kikabandika hadharani orodha ya vifaa vilivyokwisha ili mama asidhani anafichwa, na kikawapatia chai watumishi wa zamu. Baada ya hapo, uwezekano wa mama kutendewa isivyostahili ulipungua kwa asilimia 66 ikilinganishwa na mahali ambapo mpango huo haukuwapo. Chai hiyo isichukuliwe kama kichekesho. Mkunga anayewahudumia wanawake wanane peke yake usiku kucha, bila chakula, na aliyeshuhudia kifo cha mama wiki iliyopita bila kuulizwa anajisikiaje, naye amebeba kiwewe chake. Asiyetendewa kwa utu atachoka kuutoa. Hilo linaeleza ukali wa wodini bila kuuhalalisha, na linaonesha kuwa mzigo wa mageuzi ni wa viongozi na wapanga bajeti kabla haujawa wa muuguzi wa zamu.

Kwa mhudumu wa zamu

Jitambulishe kwa jina, na umwite mama kwa jina lake. Funika kabla ya kufunua. Omba ridhaa kwa kila kipimo cha njia, eleza unachokwenda kufanya, na umwambie ulichokuta. Ridhaa haipotei hata wakati wa dharura. Huwa fupi tu. Bega la mtoto linaponasa, sekunde kumi zinatosha: “Mama Asha, kichwa kimetoka ila bega limenasa. Tutakunja miguu yako kuelekea kifuani na mwenzangu atabonyeza juu ya kinena. Watu wataingia kusaidia. Nisikilize mimi.” Maneno hayo hayacheleweshi lolote, na hubaki kichwani mwa mama kwa miaka.

Baada ya uzazi mgumu, aliyehudumu akae na mama kabla hajaruhusiwa, amweleze kilichotokea na sababu yake, na ajibu maswali yake. Asimlazimishe kusimulia tena yaliyompata, kwa kuwa kikao kimoja cha kumrudisha mtu katika tukio hakizuii kiwewe na huweza kumdhuru. Katika ziara ya wiki ya sita, liongezwe swali moja: “Unapoikumbuka siku ya kujifungua, unajisikiaje?” Jibu likionesha dalili tulizozitaja, mama apelekwe kwa mtaalamu wa afya ya akili. Tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe ipo na inaponya.

Kwa mama na familia yake

Mama mpendwa, kama unaikumbuka siku ya kujifungua kwa hofu, huna kasoro na hukosi shukrani. Mtu anaweza kumpenda mwanawe kwa dhati huku akiumia kwa namna alivyompata. Waambie wahudumu wa kliniki, hata kama miaka imepita. Kama una mimba nyingine, lieleze jambo hili tangu hudhurio la kwanza ili mpango wa kujifungua uandaliwe mapema: nani atakusindikiza, nini kinakutisha, na ungependa kuelezwa vipi. Tafadhali usiikimbie hospitali, maana damu ikitoka nyumbani hakuna wa kuizuia.

Una haki ya kujua anayekuhudumia, kuuliza, kukubali na kukataa. Ukitendewa isivyostahili, lalamiko lipelekwe kwa mganga mfawidhi wa kituo. Lisiposhughulikiwa, yako mabaraza ya kitaaluma, likiwamo Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania.

Waume, akina mama wakwe na mashoga, jizuieni kusema “si mtoto yu mzima, shukuru Mungu.” Maneno hayo humfunga mama mdomo. Msikilizeni, msaidieni alale, na mumsindikize kliniki. Akisema anataka kufa, anafikiria kumdhuru mtoto, anasikia sauti zisizokuwapo, au amepitisha siku kadhaa bila usingizi kabisa, hiyo ni dharura. Msimwache peke yake, na mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Ni kweli, na ndiyo sababu ya kumwuliza yeye. Ibara ya 12 ya Katiba ya Tanzania inaulinda utu wa kila mtu, nayo ibara ya 28 ya Katiba ya Kenya hufanya vivyo hivyo. Ulinzi huo haukomi mlangoni pa wodi ya leba. Kila kituo kinaweza kuanza wiki hii kwa jambo moja lisilohitaji bajeti mpya: kumpigia simu mama aliyejifungua mwezi uliopita, akiwa nyumbani kwake, na kumwuliza tulimtendea vipi.